Sahihi Moja Iliyobaki

Sumter, Carolina Kusini
12 Januari 1997

Shangazi Arletha,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mama anameza dawa zake za presha, na kila nikigeuza mgongo anakula nyama ya nguruwe ya kukaushwa kwa moshi. Mwaka mpya tulipika kunde na mboga kama desturi. Mama alisema kama ungekuwepo, sufuria ingekuwa na chumvi ya kutosha na mezani kungekuwa na kelele kidogo. Mchungaji amepona nyonga na mahubiri yake yamerefuka tena. Nasikia Detroit mmefunikwa na theluji. Tafadhali vaa zile soksi nilizokutumia.

Najua hutaki mambo ya mali yazungumzwe kwa simu, ndiyo maana naandika.

Kazi ya majoho imenizidi. Mimi na wanawake watatu tunashona majoho ya kwaya na sare za wahudumu wa kanisa kwa makanisa ya majimbo manne, na bado tumo kwenye gereji ya Mama. Tangu Oktoba nimeanza kukataa oda. Kile kiwanda cha zamani cha soksi kinauzwa, na mwenye jengo, mzee mmoja muungwana, ameahidi kunisubiri hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo atalivunja auze matofali.

Nimekwenda benki tatu. Katika ya kwanza yule bwana aliniuliza, "Mume wako anafanya kazi gani?" Nikamwambia sina mume. Akafunga faili. Ya pili walisema majoho ni biashara ya msimu. Nikasema, "Bwana, Jumapili inakuja kila wiki!" Hakucheka. Ya tatu walitaka dhamana, nikataja ekari arobaini za Babu Prince. Kijana wa benki akaenda kutazama kumbukumbu za wilaya, akarudi ananiangalia kama niliyetaka kumwibia. "Mama," akasema, "mwenye ardhi hii alikufa mwaka 1958."

Sasa nimempata Bi Pettiford wa Columbia. Anaendesha mfuko unaowakopesha wafanyabiashara weusi waliokataliwa na benki. Alikuja mwenyewe, akaketi kwenye gereji juu ya katoni ya vitambaa siku nzima. Hakuuliza habari za mume. Aliuliza uzi nanunua wapi, na kwa nini sinunui kwa jumla. Yuko tayari kunikopesha fedha za jengo na vyerehani vinane, lakini mfuko wake nao lazima uwe na dhamana.

Wakili wao, Bwana Mouzon, amenieleza jambo ambalo nyumbani tulikuwa tukilijua bila kulielewa. Babu hakuandika wosia kwa sababu hakuwaamini watu wa mahakamani. Aliona ardhi isiyo na karatasi haiwezi kuibwa kwa karatasi. Kwa hiyo ni yetu sote, na kwa sababu ni yetu sote hakuna anayeweza kuiweka rehani, hata kipande. Warithi wote wakitia sahihi, nitakatiwa ekari tano za mbele kwa jina langu, na hizo ndizo zitakazokuwa dhamana.

Karatasi zimo humu ndani. Moja ni ya ridhaa, na kila mmoja wetu atasaini yake. Ya pili ni kiapo cha ukoo. Inataja watoto wanne wa Babu: baba yangu Wendell, wewe, Shangazi Naomi, na Baba Mdogo Clement aliyefariki Oregon akiwa kijana bila kuacha watoto. Wewe ndiye pekee uliyebaki hai, kwa hiyo ni wewe wa kuapa. Wengine nitawapata kabla ya Pasaka.

Nakuombea baridi ikupitie mbali.

Mwanao,
Jerline

*

Detroit
9 Februari 1997

Mwanangu Jerline,

Barua yako ilifika salama. Namshukuru Mungu kwamba mama yako ana hamu ya kula. Mwambie chumvi ndiyo iliyompeleka kwa daktari. Theluji ipo, lakini mtoto wa jirani huisafisha ngazi yangu kila asubuhi, ingawa anaisafisha kama anayeogopa kuiamsha. Soksi nazivaa.

Umefanya vizuri kumpata Bi Pettiford. Mtu anayeuliza habari za uzi kabla ya habari za mume anajua kazi yake. Mjibu kwa ukweli hata pale ukweli unapokuaibisha, na usimwahidi vyerehani vinane kama unaweza kujaza kazi ya sita tu. Tenganisha fedha za nyumbani na fedha za biashara. Wanafunzi wangu wawili wa zamani walifungua maduka mazuri yakafa kwa sababu hiyo peke yake.

Kwaya yetu imepata mwalimu mpya. Anapenda nyimbo za haraka.

Karatasi nimezipokea.

Shangazi yako,
Arletha Gaillard

*

Sumter
16 Machi 1997

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Sasa anakula samaki, na anatulaumu sote kwa hilo. Miti ya pichi imeanza kuchanua, na sote tunaogopa baridi ya mwisho isije ikaua maua.

Warithi wengine wote kumi na watatu wametia sahihi. Hata wale wa Baltimore ambao hawajaonana na wale wa Savannah tangu ugomvi wa jiwe la kaburi. Binamu Tootsie alisumbua kidogo. Alisema, "Ukitajirika, nani atanikumbuka?" Nikamwambia nitamshonea joho bure. Akasema, "Mimi siimbi, Jerline. Nishonee pazia." Lakini alisaini.

Imebaki sahihi moja, nayo ni yako. Bwana Mouzon ameulizia mara mbili. Jana Tootsie alinipigia, "Vipi, malkia wa Detroit anasubiri tumpigie magoti?" Nilikutetea, nikasema posta imechelewa. Usinifanye mwongo, Shangazi.

Juni si mbali.

Jerline

*

Detroit
20 Aprili 1997

Mwanangu Jerline,

Nimeugua kifua wiki tatu, sasa nimepona. Usimwambie mama yako, atapanda basi aje.

Karatasi ya ridhaa nimeisaini, imo humu. Nataka upate ekari zako tano, na nataka Tootsie alijue hilo. Kiapo cha ukoo sitakisaini kama kilivyoandikwa.

Nimeambatanisha hundi. Ni akiba yangu ya miaka mingi. Haitoshi kununua jengo, lakini inatosha kodi ya mwaka mmoja na vyerehani viwili. Anza na hivyo.

Shangazi yako,
Arletha Gaillard

*

Sumter
1 Mei 1997

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima.

Hundi yako nairudisha. Usinielewe vibaya, nilipoiona nililia. Lakini kila mtu mweusi ninayemjua aliyefungua biashara hapa alianza na hundi ya shangazi, akafika inapofikia hundi ya shangazi, akasimama hapo. Baba alikuwa na gari moja la kubeba magogo hadi alipokufa. Hakuwa mvivu. Hakukuwa na mtu wa kumkopesha la pili.

Mimi nataka mkopo. Nataka uandikwe kwa jina la biashara yangu, niulipe kila mwezi, na wa pili nikauombe nikiwa na kitu cha kuonyesha. Bi Pettiford anasema hilo ndilo tulilonyimwa kuliko fedha zenyewe.

Kiapo kile kina ukurasa mmoja. Majina ni manne, na matatu ni ya watu waliokufa. Nimekisoma mara kumi nikitafuta lililokuudhi na silioni. Bwana Mouzon anasema bila kiapo zile sahihi nyingine zote ni karatasi tu. Kama hutaki niweke ardhi ya Babu rehani, sema hivyo nikuelewe. Usinyamaze tu!

Jerline

*

Detroit
18 Mei 1997

Mwanangu Jerline,

Natumaini nyote ni wazima. Mimi ni mzima.

Soma barua hii peke yako.

Kiapo kinasema ndugu yangu Clement amefariki. Siwezi kuapa hivyo kwa sababu yu hai.

Utasema familia nzima inajua alikufa. Baba ndiye aliyesema, mwaka 1953, mama yetu alipozikwa na Clement asionekane. Alisimama mezani akasema, "Clement amekufa, na habari yake imekwisha." Hatukuuliza zaidi. Mimi sijawahi kusema amekufa. Nimenyamaza kila lilipotajwa, na unaweza kuwauliza wote kama waliwahi kulisikia kinywani mwangu.

Clement alikuwa mweupe wa ngozi kuliko sisi sote, na nywele zake nyoofu zilikuwa za upande wa bibi. Hapo Sumter kila mtu alijua ni mtoto wa nani, kwa hiyo rangi yake haikumsaidia kitu. Mwaka 1947 alikwenda Oregon kutafuta kazi. Karani aliyemwandikisha alimtazama tu, akaandika kwamba ni Mzungu. Clement hakumsahihisha. Hadi leo hajamsahihisha. Ana mke, watoto watatu na wajukuu, na hakuna hata mmoja anayejua. Kila Krismasi huniletea kadi isiyo na jina. Niliahidi kutomtaja kwa mtu yeyote maadamu yu hai, na sasa nimekutajia wewe.

Mchana wa leo nimempigia simu dukani kwake. Ni mara ya kwanza. Alinitambua kwa neno moja, akakata. Ijumaa nitapanda treni.

Mwambie Bwana Mouzon aandike hati ya mrithi anayeachia haki yake yote, pamoja na kiapo kipya chenye ukweli. Avitume kwangu kwa njia ya haraka. Asiulize kitu kingine. Na Tootsie asijue.

Shangazi yako,
Arletha Gaillard

*

Sumter
21 Mei 1997

Shangazi,

Shikamoo. Nilisoma barua yako chooni, maana ndipo mahali pekee penye kufuli. Mama alinigongea akidhani naumwa.

Hati na kiapo kipya ndivyo hivi, vinakuja na mjumbe wa haraka. Bwana Mouzon hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba mrithi aliye hai asiposaini, sheria inamtaka ampelekee karatasi za mahakama nyumbani kwake, na akifa haki yake inakwenda kwa watoto wake, hata kama wanaishi juu ya mwezi. Nikamwuliza, "Na kama hawajui?" Akajibu, "Nitatangaza gazetini hadi wajue."

Naweza kuacha. Nataka ulijue hilo kabla hujapanda treni. Nina miaka arobaini na mmoja. Gereji ipo, na Mama hajanifukuza. Ukiniambia niache nitaacha, na Tootsie nitamwambia jengo lilikuwa na mchwa.

Mwanao,
Jerline

*

Detroit
14 Juni 1997

Mwanangu Jerline,

Salamu kwa mama yako. Nimerudi salama. Treni za upande ule hazifuati saa.

Hati imo humu, imesainiwa na kupigwa muhuri. Kiapo nami nimekiapa na kukisaini. Vipeleke leo.

Usiniulize habari za safari.

Shangazi yako,
Arletha Gaillard

*

Sumter
7 Septemba 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama ni mzima. Amejitangaza msimamizi wa jengo, analeta kiti chake kila asubuhi na kukaa mlangoni. Anawaambia wateja bei ambazo sijawahi kupanga, na cha ajabu wanazilipa.

Mwisho wa Juni Bi Pettiford alituma hundi siku mbili kabla ya muda kwisha. Yule mzee wa matofali alinikabidhi funguo akasema, "Haya, nimekosa faida." Vyerehani viko saba, si vinane. Nilikumbuka maneno yako nikapunguza kimoja. Tuko wanawake tisa sasa. Tumepata oda ya kanisa moja la Charlotte ambalo kwaya yake ina watu wengi kuliko waumini wa kanisa letu. Malipo ya mwezi wa kwanza na wa pili nimeyapeleka kabla ya tarehe.

Wiki iliyopita Bi Pettiford aliniita kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja Columbia, nizungumze na wafanyabiashara wanaotaka kuomba mkopo. Kulikuwa na fundi wa viatu, mama wa keki, na ndugu wawili wenye trekta. Nilikuwa nimetayarisha maneno kuhusu kupanga bei. Nikaanza kwa kuuliza tu, nani anakaa kwenye ardhi ya babu yake. Mikono yote ikapanda. Nikauliza, nani ana hati yenye jina la mtu aliye hai. Mikono yote ikashuka. Mama wa keki akasema, "Lakini babu alisema bila wosia hakuna wa kutuuza!" Mmoja wa wale ndugu wa trekta akamwambia, "Na hakuna wa kukukopesha, dada." Hatukufika kwenye bei. Bwana Mouzon alikaa nao hadi mlinzi akaanza kuzima taa.

Nilitaka kuwasimulia yetu. Sikusimulia. Lakini njia nzima ya kurudi nilifikiri kwamba ninalala na kuamka ndani ya jengo ambalo mtu nisiyemjua alilifungua kwa kalamu, na sijui hata alikuwa na uso gani alipofanya hivyo. Uliniambia nisiulize, nami nimekaa majira yote ya joto bila kuuliza. Leo nauliza. Je, naweza kumwandikia, hata mistari miwili ya shukrani? Je, alisema lolote kuhusu mimi?

Mwanao,
Jerline

*

Detroit
5 Oktoba 1997

Mwanangu Jerline,

Nimefurahi kwamba viko saba. Mwambie mama yako alipwe mshahara au arudi nyumbani. Mtu asiyelipwa hawezi kuachishwa kazi. Ulilolifanya Columbia ni jema kuliko hotuba uliyoitayarisha.

Umeniuliza maswali mawili.

Huwezi kumwandikia. Sharti lake lilikuwa kwamba sisi sote tusimtafute tena, nami nikiwemo. Krismasi hii sitapata kadi. Nililikubali sharti kabla hajashika kalamu, na halikuwa juu yako kuniambia nilikubali au nilikatae, ndiyo maana sikukueleza.

Swali la pili nitalijibu, kwa sababu umesubiri kwa adabu.

Kabla sijapanda treni alinipigia mwenyewe, tukapatana tukutane katika mji ulio mwendo wa saa mbili kutoka kwake, ili ofisa wa viapo asimjue. Tuliketi kwanza kwenye mkahawa. Amezeeka vizuri. Ana mabega ya baba yako. Mhudumu alipoleta kahawa alinitazama, akamtazama yeye, akamwuliza, "Huyu mama uko naye?" Clement akajibu, "Alifanya kazi nyumbani kwetu zamani." Nilikoroga kahawa yangu.

Alianza kwa kukataa. Alisema, "Arletha, mimi sina ardhi Carolina Kusini. Sina kitu Carolina Kusini." Nikamwambia kwamba sheria haimwulizi anachojisikia kuwa nacho. Nikamweleza habari ya karatasi za mahakama nyumbani kwake, na tangazo la gazeti watakalosoma watoto wake siku atakapokufa. Sikumtisha. Nilimwambia kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi tarehe ya mtihani. Alielewa kwamba njia ya kubaki amefichika ni kusaini. Ndiyo sababu alikubali, nami sitaki uipambe. Hakufanya kwa ajili ya ukoo.

"Twende," akasema. Lakini hakusimama. Akauliza, "Huyo binti wa Wendell anataka fedha za nini?" Nikamweleza majoho, gereji, na jengo. Akauliza, "Kwa nini asiende benki?" Nikamwambia umekwenda.

"Ngapi?"

"Tatu."

Ana maduka matatu ya mbao na vifaa vya ujenzi, mwanangu. Jina lake liko juu ya paa kwa herufi kubwa. Alikigeuza kikombe cha kahawa mkononi, akasema kwa sauti ya huko nyumbani, ile aliyoondoka nayo: "Mimi nilikwenda benki asubuhi moja, mwaka 1953. Sikuwa na ardhi. Sikuwa na dhamana ya kitu chochote. Nilitoka na hundi kabla ya chakula cha mchana."

Nikamwuliza walimwuliza nini.

"Waliniuliza kama napenda kuvua samaki," akasema.

Tukavuka barabara hadi kwa ofisa wa viapo. Alisaini jina lake lote, kama Baba alivyomwandikisha kanisani.

Shangazi yako,
Arletha Gaillard